Tiketi Mbili za Kigali, Moja ya Gitaa

Mpiga besi jukwaani haonekani, lakini akiwa njiani mji mzima unamwona. Mpiga solo hukatiza mji wetu wa Kamembe na gitaa lake begani, anasalimiana na watu. Mwimbaji ndiyo kabisa, mzigo wake ni leso. Sisi wa besi tunabeba gitaa la sentimita 117 hivi, lenye kilo nne au zaidi, kisha tunaulizwa kwa nini tumechelewa mazoezini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani wahenga wenyewe walikuwa wanakwaya wa sauti ya kwanza.

Chanzo cha urefu huo ni uzi. Tangu Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, urefu uliozoeleka wa uzi ni inchi 34, yaani sentimita 86. Uzi mnene kuliko wote hutikisika mara 41 kwa sekunde, na mtikisiko wa polepole namna hiyo unadai nafasi. Ukitaka kuufupisha, ama uulegeze, ama uunenepeshe. Ukiulegeza mno, unabaki unapiga kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo maana besi ndogo haipatikani kwa kukata shingo ya besi kubwa, ingawa seremala mmoja wa mtaani kwetu aliniahidi kuimaliza kazi hiyo kabla ya saa sita mchana.

Fender aliishi California, ambako gitaa hupanda gari la mwenyewe. Huku kwetu Rusizi, Rwanda, ala hupimwa kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, kwa basi la Coaster na kwa boti.

Tuanze na moto. Motari anabeba abiria mmoja tu, na kila mtu na kofia yake ngumu. Wangu alinitazama, akalitazama begi mgongoni, akauliza kwa heshima zote: "Mzee, na huyu naye atahitaji kofia?" Ukikaa, kiti hulisukuma begi juu, na kichwa cha gitaa kinachomoza juu ya kichwa chako karibu futi nzima. Tawi likija, wewe unainama; gitaa haliinami. Karibu na soko la Kamembe lilinasa mwavuli wa muuza parachichi, tukaondoka nao. Mwenye mwavuli alitukimbilia huku akinipa majina ambayo katika kwaya yetu hayaimbwi.

Coaster ya Kigali ina mambo yake. Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya kona zake zimo Nyungwe, msitu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Watalii hutoka mbali kuja kutazama mbega na sokwe; mimi humo hutazama kona tu. Buti lilikuwa limejaa magunia, kwa hiyo nikaambiwa gitaa likatiwe tiketi.

"Jina la abiria wa pili?" akauliza binti wa tiketi bila kuinua macho.

"Besi."

"Jina jingine?"

"Gitaa."

Akaandika. Bwana Besi Gitaa akapewa siti ya dirishani, mimi nikapewa ile ya kukunja, katikati. Kona ya kushoto ikija, alikilalia kioo. Ya kulia ikija, alimlalia mama mmoja aliyekuwa katikati ya rozari yake. Mama alivumilia hadi tulipoingia penye baridi kali, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mwambie mwenzako akae kwa adabu."

Siku hiyo niliapa kutafuta besi ya safari. Mchagua nazi hupata koroma. Rusizi hatuna minazi, ila koroma zinatufikia.

Ya kwanza ilitoka Brussels kwa binamu yangu. Ilikuwa ya mtindo aliouanzisha Mmarekani Ned Steinberger mwanzoni mwa miaka ya 1980: gitaa halina kichwa kabisa, na vifungo vya kukazia nyuzi vimehamishiwa mkiani. Ni akili kubwa. Uzi unabaki na inchi zake 34, lakini gitaa zima halifiki mita moja. Kwenye moto nilipita chini ya miavuli yote ya Kamembe bila kudaiwa na mtu.

Tatizo lilianzia kanisani. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono, akanipa pole ya ajali. Kabla sijamweleza, alikuwa amekwisha simama mbele ya waumini kutangaza mchango wa kulinunulia gitaa la kwaya kichwa kipya. Watu walitoa kwa moyo. Kurudisha fedha zile kulikuwa kugumu kuliko kuzichangisha, maana hakuna aliyekubali kwamba mzungu mwenye akili timamu anaweza kuuza gitaa lililokatwa shingo, tena kwa bei ya juu.

Kisha uzi ukakatika. Besi za namna hii nyingi hutaka nyuzi zenye kifundo pande zote mbili. Kamembe sikuzipata, nikashuka Cyangugu, nikavuka daraja kwenda Bukavu, Kongo. Mpakani afisa mmoja aliomba nilipige, ajue kama kweli ni ala. Besi ya umeme bila amplifaya husikiwa na mpigaji na mbu peke yao. Akainamisha sikio, akasikiliza nyuzi tatu zilizobaki, akatikisa kichwa: "Pita tu, Papa. Hili haliwezi kumdhuru mtu." Ng'ambo, fundi wa magitaa alichukua kipande cha uzi, akakigeuza mara mbili tatu, akanirudishia. "Papa, uzi wako una vichwa viwili, gitaa lako halina hata kimoja. Mimi hapa nafanyaje?"

Ya pili niliazima kwa rafiki wa Kigali: U-Bass ya kampuni ya Kala, yenye umbo la ukulele na nyuzi nene zinazovutika mithili ya mpira. Yote haifiki sentimita 80. Ukiichomeka kwenye spika, inatoa mvumo wa kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimama. Usipoichomeka, karibu imenyamaza. Nilishuka nayo arusini Bugarama, kwenye joto la bonde ambalo ndilo sehemu ya chini kuliko zote Rwanda. Bibi wa bwana harusi alipoiona aliwaita wajukuu: "Njooni, mjomba kawaletea kitu cha kuchezea." Kuinyang'anya kwa watoto kulichukua muda kuliko kuipanga sauti. Tulipofika kwenye wimbo wa keki, kibetri chake kikazima. Mto Rusizi unapita karibu, na bwawa la Ruzizi II limegawia Rwanda, Burundi na Kongo umeme tangu 1989. Nchi tatu zinawasha taa kwa mto huu, na besi yangu imekufa kwa betri ndogo kuliko kifungo cha koti. Wageni hawakugundua kitu hadi mpiga ngoma alipopotea njia.

Ya tatu ndiyo ninayoipiga hadi leo: besi ya uzi mfupi, inchi 30, sentimita 76. Si kitu kipya. Besi ya Höfner aliyoinunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961 ilikuwa na uzi wa urefu huohuo, na haikumzuia kufika popote. Gitaa hilo liliibwa London mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa Februari 2024. Kwa hiyo zingatia: gitaa jepesi kubeba ni jepesi kwa mwizi pia.

Langu ni fupi kuliko lile la zamani kwa sentimita kumi hivi. Utasema sentimita kumi ni nini? Kwenye moto, ni mwavuli mzima. Kwenye Coaster linasimama katikati ya magoti, halihitaji jina wala tiketi. Kwenye boti ya Karongi linaingia chini ya benchi. Huko chini, hata hivyo, hukaa pia magunia ya sambaza, wale samaki walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika, na sponji la begi hunywa harufu kwa uaminifu. Siku hizi nikifika mazoezini paka wa jirani huwa amewahi kiti cha mbele, na hatoki hadi nifunge begi.

Basi, mpiga besi mwenzangu wa Rusizi, shauri langu ni hili. Chukua la inchi 30, lenye kichwa chake, linalokubali nyuzi zinazouzwa dukani. Weka seti moja ya akiba, na usiruhusu begi lilale na samaki. Amplifaya waachie wenye harusi, kwa sababu mvumo wa mitikisiko 41 bado unataka spika kubwa, na spika kubwa haikunjiki. Na kama una mtoto nyumbani anayetaka kujiunga na bendi, mnunulie filimbi mapema.