Ndururu za Mama Mkwe

Mtungi wa mama mkwe wangu hufunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na pembeni pake zimeshonewa ndururu nane, zile sarafu za zamani zenye tundu, ili upepo wa bahari usikipeperushe. Miaka kumi na minne nimechota maji humo bila kuzitazama. Siku nilipozitazama ndipo amani ya nyumba ilipoondoka.

Lawama naibebesha simu. Nilikuwa nimejilaza barazani baada ya adhuhuri, nikasoma kwamba mwaka 2020 sarafu moja ya dhahabu ya Mfalme Edward wa Nane iliuzwa kwa pauni milioni moja. Nikahesabu sifuri mara mbili, maana joto la Mombasa huweza kumwongezea mtu hata sifuri. Zilikuwa sita.

Edward alirithi ufalme wa Uingereza Januari 1936, na kabla Desemba haijaisha alikwisha kuuacha ili amwoe Wallis Simpson. Kiwandani London mafundi walikuwa bado wanahangaika na sarafu zake. Desturi ni kila mfalme kutazama upande usio wa aliyemtangulia. Yeye akakataa, akataka kutazama kushoto kama baba yake, kwa kuwa upande huo ndio ulioonyesha njia ya nywele zake. Basi zikapigwa sarafu chache za majaribio zenye mwaka 1937, naye akaondoka kabla hata moja haijatolewa kwa raia. Kuna pia sarafu za peni tatu, za shaba njano, zenye pande kumi na mbili, walizoazimwa watengenezaji wa mashine za kuuzia vitu ili wapime kama zitapita kwenye tundu zao. Ziliporudishwa, hazikurudi zote. Namwelewa kabisa aliyesahau kurudisha yake.

Nikainuka kunywa maji. Kitambaa mkononi, jicho likaangukia ndururu moja: pembe za ndovu zimejikunja kuzunguka tundu, mwaka 1936, na upande wa pili, chini ya uchafu, EDWARDVS VIII. Sikuendelea kusoma nyingine. Niliikata kwa wembe kama mwizi, nikaificha kwenye kisosi juu ya kabati la vyombo.

Usiku nilimnong'oneza mke wangu. Alfajiri shemeji alikuwa amekwisha kuvuka feri kutoka Likoni, anataka pikipiki. Mke anataka vigae jikoni. Mimi nilikwisha kuchimba kisima kichwani mwangu na kununua mashine ya kuvutia maji. Hakuna aliyeuliza ndururu ni ya nani.

Mwenyewe aliiona saa nne asubuhi, akadhani imekatika uzi. Aliiona nyeusi, akaionea huruma. Na mwanamke wa pwani akiionea huruma shaba, huiendea na ukwaju na majivu. Niliporudi kutoka kazini ilikuwa inang'aa kama sinia la harusi. Nikakaa chini, kwani nilikwisha kusoma kwamba wakusanyaji hutaka sarafu na ngozi yake, ule weusi ulioletwa na miaka. Ukiisugua umeichuna.

"Mbona umenywea, mwanangu?" akaniuliza. "Si imependeza?"

"Imependeza, mama."

Kesho yake niliipeleka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale anayeuza vitu vya zamani. Aliitazama kwa kioo, akavuta mtoto wa meza, akamimina ndururu gao zima. "Hizi ndugu zake," akasema.

Kumbe sarafu zetu zenye tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme, ila taji na jina. Hakukuwa na uso wa kubishania, kwa hiyo zilipigwa mwaka uleule wa 1936, kwa mamilioni, London na Birmingham, zikaja huku zikanunua mahamri. Kwao Uingereza hakuna aliyerudishiwa chenji yenye jina la Edward wa Nane. Bibi zetu walirudishiwa, wakashonea vitambaa.

Mzee akaniuliza kama sina ile senti nyeupe ya alumini. Mwaka 1907 na 1908 Waingereza walituletea senti nyepesi za alumini. Hewa ya huku ikazila, na 1909 wakageukia madini yenye nikeli. Nilirudi nikiiwaza hiyo kuliko pauni milioni. Majaribio ya Edward hayakutolewa kwa raia, ndiyo maana ni mali. Ya alumini yalifanyiwa mifukoni mwa babu zetu, na hakuna aliyewauliza.

Ama ya kwangu, bei aliyonitajia ingetosha chai na mahamri mawili.

Nyumbani nilikuta kitambaa kimepeperuka upande mmoja na jani la mwarobaini linaelea mtungini. Mama mkwe alinikabidhi sindano na uzi bila neno. Nilishona mbele yake, na mbele ya shemeji aliyekuwa bado anasubiri pikipiki, nikipitisha uzi mara tatu kwenye tundu la mfalme.

Alirudi nyuma hatua mbili akakitazama kitambaa. Moja inameta, saba nyeusi.

"Hazilingani," akasema. "Ijumaa nitazisugua na hizi."

Leo Jumatano. Nimeazima kioo cha yule mzee.