Ng'ombe Aliyekohoa Gisenyi

Watu wawili wanaweza kuharibu shughuli ya mahari: mshenga anayesahau idadi ya ng'ombe, na shemeji anayesema, "Miksa? Hiyo naijua." Mwandishi wa makala haya ni huyo wa pili.

Ilikuwa Jumamosi mjini Gisenyi, kwenye kiwanja kinachoteremkia Ziwa Kivu. Mahema mawili yalitazamana, kama desturi ya gusaba no gukwa, kuposa na kutoa mahari, inavyotaka: huku kwao binti, kule wakwe waliokuja kuposa. Fundi mitambo aliyekodiwa alikuwa amekwama Musanze na gari bovu. Vyombo vilikuwa vimetangulia. Mwandishi akavisogelea akiwa amekunja mikono ya shati, kitendo ambacho ndicho kilikuwa ujuzi wake wote.

Hofu yake ilikuwa moja tu: kelele. Mwaka 2018 mamia ya makanisa yalifungwa jijini Kigali, na kelele ilitajwa miongoni mwa sababu. Tangu hapo mwandishi akiona spika huona na mgambo nyuma yake. Kwa hiyo vitelezi vya sauti, vile vilivyo chini ya miksa, akavishusha karibu na mwisho wa chini. Mpwa wake akajaribu maiki: "Moja, mbili," kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Haikusikika. Naye mshenga wa upande wa binti ni mzee wa sauti ya chini, wa wale wanaojua kwamba mwenye shida atasogea mwenyewe. Mwandishi akaona kitasa cha juu kabisa, kile mafundi wanachokiita geini, akakizungusha mpaka karibu kigome. Mzee akasikika vizuri. Mwandishi akavuta kiti, akakunja nne.

Hapo ndipo penye kosa. Maiki ya kawaida hutoa umeme kiduchu mno, milivolti chache, ilhali miksa hufanyia kazi kiasi cha volti 1. Geini ndiyo inayoukuza ule umeme mlangoni, kabla haujafika popote pengine. Kitelezi kiko mbele zaidi, njia ya kutokea. Mwandishi alikuwa ameacha mlango wazi kabisa na kubana dirisha, halafu akajisifu kwa utulivu wa nyumba.

Ng'ombe wakakubaliwa. Mila inataka mchungaji atumwe kuwaona, kisha arudi na habari zao, na habari hizo hutolewa kwa majigambo ya kuwasifu ng'ombe: kasi, kifua mbele, bila kupumua. Mzee alikuwa ameishika maiki mbali, tuseme sentimita 32. Mchungaji akaileta mdomoni, sentimita 4. Umbali ukipungua kwa nusu, umeme unaotoka kwenye maiki huwa kama mara mbili. Hapo umepungua kwa nusu mara tatu, kwa hiyo ni mara nane, na bado hajapaza sauti.

Akapaza.

Taa nyekundu ikawaka, ikakataa kuzima. Ng'ombe wa kwanza, mwenye pembe za kupendeza na ukoo wa heshima, akatoka kwenye spika kama pikipiki ya mizigo inayopanda mlima. Ushauri ukamiminika: shangazi akasema ongeza, mjomba punguza, mtoto mmoja zima uwashe. Mama mmoja wa Goma akainama, akanong'ona kwa huruma, "Papa, hii sauti iko na homa."

Mwandishi akashusha kitelezi zaidi. Ng'ombe akaendelea kukwaruza, ila sasa kwa mbali. Sauti ikishakatwa vichwa mlangoni, huko mbele hakuna kitasa cha kuvirudisha. Samaki wa sambaza waliochacha, hata ukipakua kijiko kimoja, wamechacha.

Aliyeokoa jahazi ni msichana mwimbaji wa bendi, aliyekuwa amevuka mpaka kutoka Goma asubuhi kwa miguu pale Petite Barrière. Alishusha geini hadi mwanzo, akapandisha kitelezi kwenye alama ya 0, akabonyeza kitufe cha PFL ili taa zionyeshe njia ile moja peke yake. Kisha akamgeukia mchungaji: "Muzee, tusifie ng'ombe wa pili. Kwa nguvu ile ile, usinionee huruma." Mchungaji akaunguruma, msichana akawa anafungua geini polepole, mpaka kelele kubwa kuliko zote zikawa zinagusa njano na kurudi kijani, juu kukiwa na nafasi ya kutosha. Mshenga naye akapewa maiki nyingine, yenye geini yake. Kinanda msichana alikikuta kimechomekwa tundu la maiki. Akakihamisha bila kusema neno, na hilo ndilo lililouma.

Makreti yakaanza kufunguliwa (Gisenyi wanapika bia tangu miaka ya 1950, hawahitaji kukumbushwa), wageni nao wakapandisha geini zao. Ng'ombe wa pili na wa tatu walisikika hadi ukucha.

Lakini mpiga video alikuwa amechukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa tangu mwanzo. Wiki mbili baadaye video ikafika WhatsApp ya ukoo. Bibi yake bwana harusi, ambaye hakuweza kusafiri, aliitazama yote mpaka mwisho, kisha akapiga simu kuuliza kama yule ng'ombe wa kwanza ameshaonwa na daktari wa mifugo.