Muulize Dakta Spana

*Mpendwa Dakta Spana, mume wangu alinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972. Aliniahidi makabati ya jikoni kabla ya Krismasi. Krismasi imepita, mbao ziko kibarazani, na silinda hedi iko juu ya meza ya kulia chakula. Nifanyeje?*
*Mama Watoto, South C, Nairobi*

Shemeji, nimeisoma barua yako nikitafuta tatizo, sijaliona. Nyumba yenu ina 240Z! Safari Rally ya 1971 ilichukuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani ya gari la namna hiyo hiyo. Mwaka 1973 wakaja Shekhar Mehta na Lofty Drews, nao ndani ya 240Z, wakalingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Ushindi ukaenda kwa Mehta. Mwaka huo nilikuwa mtoto, nimesimama kando ya barabara nimejaa vumbi hadi kwenye kope, na Mehta alipopita nikampungia mkono. Sisemi mkono huo ndio ulioamua mashindano. Nasema tu kwamba Källström sikumpungia.

Turudi mezani kwako. Hedi ya injini hiyo ni ya alumini, bloku yake ni ya chuma, na injini ikichemka kupita kiasi alumini ndiyo hupinda. Mwambie bwana aweke rula ya chuma juu ya hedi, kona kwa kona, wewe umulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya chini ya rula, hedi imepinda, na hapo atafute fundi mwenye mashine ya kuisawazisha. Akiifunga hivyo hivyo ataunguza gasketi kabla hajafika Nyayo Stadium. Utaona kwamba kazi hii inahitaji watu wawili na meza iliyo imara. Yaani wewe ni sehemu ya timu, na hukuambiwa.

Siki yako ya achari pia imekwisha, bado hujagundua tu. Bolti zenye kutu hulazwa ndani ya siki usiku kucha, asubuhi huoshwa kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa ile asidi, kisha hukaushwa na kupakwa mafuta papo hapo. Mtu akienda kunywa chai kwanza, kutu hurudi kabla hajamaliza kikombe. Siri hii niliitoa bure katika harusi ya mpwa wangu, nilipoombwa niseme machache kuhusu ndoa.

Haya, makabati. Chukua chaki, andika kwenye kila ubao: "Sehemu halisi ya kiwandani, haipatikani tena Japani." Kisha mwambie kuna mtu wa Kirinyaga Road amepiga simu akitaka kuzinunua zote kwa pesa taslimu. Jioni hiyo hiyo mume wako atazifunga ukutani, kila skrubu kwa kipimo, na Jumamosi ataleta wenzake waje kuziona. Usiweke sahani ndani kwa muda. Ataumia.

*Dakta, nina MGB isiyo na paa, naishi Nyali. Nimeanza kukwangua rangi, na kila ninapogusa bisibisi inazama. Nikate wapi? Pia bomba la bafuni linavuja, na mke wangu amenuna.*
*Mwana wa Pwani*

Mwanangu, weka msumeno chini. Kiwanda cha Abingdon kiliunda magari hayo kuanzia 1962 hadi 1980 bila kuiuliza Bahari ya Hindi maoni yake. MGB haina fremu tofauti ya kubeba bodi. Bodi yenyewe ndiyo fremu, na kwa kuwa lako halina paa, mzigo mkubwa umelalia ule mhimili wa bati unaopita chini ya mlango. Ukiukata kavu kavu, gari litakunjika katikati taratibu, na mlango hautafunga tena hata uusukume kwa mguu. Kwanza chomelea bomba la chuma kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, ndipo ukate, upande mmoja kwa wakati. Mbinu hii niliigundua mwenyewe. Mafundi wa Uingereza walikuwa wameshaigundua miaka mingi kabla yangu, lakini wao walikuwa wengi.

Halafu ondoa hiyo nailoni uliyolifunikia. Najua umelifunika, nyote hulifunika. Unyevu hukwama chini yake na kutu hufanya kazi zamu ya usiku. Zibua na vile vitundu vilivyo chini ya milango, maana vikizibwa na udongo, mlango hugeuka birika. Gari langu mimi, ambalo aina yake siitaji ili nisiwaumize wengine, halina doa la kutu hata moja, wala halijawahi kuniacha njiani. Mahasidi husema ni kwa sababu halijawahi kuvuka geti.

Bomba la bafuni: maji hayo ni ya mfereji au ya kisima? Kama ni ya kisima, yana chumvi, usiyaoshee gari.

*Dakta, sisi ni marafiki watatu. Kila Jumapili tunakutana kuzungumza magari yetu ya zamani hadi jua linazama. Hakuna gari lililowashwa tangu mwaka jana. Je, tuna tatizo?*
*Wazee wa Ngara*

Hamna. Petroli iliyokaa mwaka mzima imechacha, itoeni kabla ya kugusa ufunguo. Mkienda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambayo klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiiandaa tangu 1970, jueni kwamba majaji huchungulia hadi uvunguni, kwa hiyo sugueni na kusikoonekana. Mimi sijaitwa kuwa jaji. Nadhani wananiogopa. Mhariri ananionyesha saa, nafasi imekwisha, wa Nyali fungua bomba kwa spana namba kumi na tisa au itakayoenea, wa South C nunua siki nyingine, na nyinyi wa Ngara hamkuniandikia mnakutana kwa nani wala saa ngapi. Chai ninywe bila sukari.