Sifa za Msako wa Daktari Bingwa wa Moyo kwa Kadi ya Bima

Miongoni mwa mambo yanayostahili kusifiwa nchini Tanzania lakini ambayo hayajapata mshairi wala mnara, msako wa daktari bingwa wa moyo anayepokea kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya unapaswa kutajwa mapema, kwa kuwa hakuna huduma nyingine inayompatia mgonjwa manufaa mengi kiasi hicho kabla hajapimwa hata presha. Wenye haraka huuita kero. Lakini anayeuchunguza kwa utaratibu, akaanzia nasaba yake, akapitia malezi yake na kuishia kwenye matendo yake, hatakosa kukiri kwamba ni tiba iliyopangwa kwa ustadi, ingawa ugonjwa unaotibiwa nayo bado haujafahamika.

Nasaba yake ni ya heshima pande zote mbili. Kuumeni unatokana na Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, iliyouunda Mfuko huo ulioanza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia watumishi wa serikali, ambao mchango wao ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwa mtumishi na nusu ikitolewa na mwajiri, ili mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne watibiwe bila kutoa fedha taslimu dirishani. Kukeni unatokana na uhaba wa mabingwa, ukoo mkongwe zaidi na wenye watoto wengi. Kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2015, wagonjwa wengi waliohitaji upasuaji wa moyo walipelekwa India; taasisi hiyo iliwaondolea wengi safari hiyo ya ng'ambo, na kwa mkazi wa Rukwa au Kigoma safari ya ndege ikageuka kuwa safari ya basi, jambo ambalo kwa uzalendo wake halina mfano.

Malezi ya msako yamekabidhiwa kwa walezi wawili. Wa kwanza ni rufaa, yaani utaratibu unaomtaka mgonjwa, isipokuwa wa dharura, aanzie kituo cha ngazi ya chini na kupandishwa kwa barua kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hatimaye hospitali ya taifa au taasisi bingwa. Mgonjwa wa Sumbawanga anayefuata ngazi hizo kwa adabu hupitia Mbeya na kufika Dar es Salaam akiwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,000, na kwa njia hiyo hujifunza jiografia ya nchi yake kuliko alivyofundishwa shuleni. Mlezi wa pili ni kitita, yaani orodha ya huduma na dawa zinazogharimiwa na Mfuko pamoja na bei itakayolipwa kwa kila moja. Kitita ndicho kinachoamua ni daktari gani ataonekana na ni yupi atatoweka, kwani hospitali inayoona kwamba bei iliyoandikwa haifikii gharama zake, au kwamba madai yake hulipwa kwa kuchelewa na baada ya makato, huacha kuipokea kadi. Kitita kipya kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama, na msako, ambao hadi hapo wengi waliufahamu kwa kusimuliwa tu, ukawafikia hata waliozoea kuhudumiwa bila jasho.

Yakija matendo yake, mwandishi hukosa pa kuanzia. Wataalamu wa moyo wanausia kutembea kila siku, na msako huutimiza wosia huo bila ada, kwa kumpeleka mgonjwa kutoka dirisha la uhakiki, ambako hutazamwa kama kadi iko hai, hadi chumba cha kumbukumbu, kisha kwenye ofisi ya kibali cha vipimo vya gharama kubwa, na kumrudisha dirishani kwa sababu barua ya rufaa haina muhuri. Msako hupanua elimu pia, kwani mzee ambaye hakuwahi kusoma sayansi hutoka humo akieleza kwa ufasaha kwamba ECG ni kipimo cha umeme wa moyo na kwamba eko ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, maana ameambiwa mara nyingi kwamba kimoja kimo kwenye bima na kingine mashine yake imeharibika. Tena huimarisha undugu, kwa sababu shangazi wa Kimara asiyetembelewa miaka mingi hupokea ugeni wa majuma kadhaa wa mgonjwa na msindikizaji wake, wakisubiri siku ya kliniki.

Wako wanaoulinganisha msako na njia ya fedha taslimu, ambayo humfikisha mgonjwa kwa bingwa jioni ileile katika kliniki ya binafsi, pengine kwa bingwa yuleyule ambaye kwa kadi angeonwa baada ya mwezi katika hospitali ya umma. Ulinganisho huo hauuathiri msako hata kidogo. Mwenye fedha hupata daktari tu. Hapati safari, hapati elimu, hapati shangazi.

Haki inadai, hata hivyo, kwamba maadui wa msako watajwe, ili wanaoupenda wajue pa kuulinda. Ungedhoofika iwapo bei za kitita zingekokotolewa kwa gharama halisi na kupitiwa mara kwa mara. Ungeugua iwapo madai ya hospitali yangelipwa kwa wakati. Ungelazwa iwapo kila mwanachama angeweza kujua, kabla ya kupanda basi, ni bingwa yupi anapokea kadi, wapi na siku gani. Na ungefariki iwapo mabingwa wangesomeshwa kwa wingi, wakapelekwa katika hospitali za mikoa pamoja na mashine zao na mafundi wa kuzitengeneza. Kwa bahati njema ya msako, kila mmoja wa maadui hao anahitaji fungu katika bajeti, ilhali msako wenyewe haujawahi kuudai Mfuko hata shilingi moja: nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea hulipwa zote na mgonjwa, na yule anayechoka njiani akarudi nyumbani hapeleki dai lolote.