Namna ya Kuitikisa Nchi kwa Mizani Kumi na Sita

Umeamua kubadili jamii kwa ushairi na maigizo. Hongera. Wazazi watakuuliza lini utapata kazi, na jirani atauliza kama kuna posho. Wajibu wote kwa upole, kisha fuata mwongozo huu. Hatua zake zimejaribiwa, nyingi hapa hapa Afrika Mashariki, na baadhi ya waliozijaribu walilipa kwa uhuru wao.

Mahitaji

Uwanja wa wazi. Watu wenye tatizo na wenye midomo. Ngoma moja au mbili. Subira ya miezi. Fulana zenye nembo hazihitajiki, wala bango la mita tano, wala ukumbi wa hoteli wenye chai ya saa nne. Pesa ya fulana nunulieni unga na maharage, maana waigizaji wenu watafika mazoezini jioni wakitoka kazini, na njaa haina subira na mashairi.

Hatua ya kwanza: weka kalamu chini

Malenga anayefika kijijini na shairi tayari mfukoni amekuja kuhutubia, hata kama hotuba yake ina vina vya kati na vya mwisho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kaa kwanza na wanaokilalia. Uliza maji yanatoka wapi, kibarua analipwa kiasi gani, hati ya shamba iko mikononi mwa nani.

Mwaka 1996 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari Tanzania. Wasichana wenyewe ndio waliotaja yanayowakwamisha masomoni, wakayachambua, kisha wakayatungia maigizo na nyimbo. Mtaalamu anaweza kuandika ripoti nene kuhusu unyanyasaji shuleni, ikawekwa kabatini. Msichana wa kidato cha pili akiuigiza unyanyasaji huo mbele ya walimu wake, kuna mwalimu atakayetazama viatu vyake mpaka mchezo uishe.

Hatua ya pili: kubali kusahihishwa

Hapa mwalimu wetu ni kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika kwa Kikuyu rasimu ya *Ngaahika Ndeenda*, mchezo wa mkulima mwenye ekari moja na nusu na tajiri anayeimezea mate ardhi hiyo. Rasimu wakaipeleka kwa wanakijiji: wakulima, vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa viwandani, na watu waliokuwa ndiyo kwanza wamejifunza kusoma katika darasa la kisomo la kituo chao. Wakaipitia na kuipangua. Wakarekebisha namna wazee wanavyozungumza, nyimbo zinavyoimbwa, na maisha ya kiwandani yalivyo kwa anayeyaishi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa profesa, akarudishwa darasani katika lugha ya mama yake, na mchezo ukanona.

Kwa hiyo ukitoka mazoezini na mistari yako yote ikiwa mizima, jua kwamba wenzako bado hawajakuamini. Rudi kesho, kaa chini, uwaachie waanze wao.

Hatua ya tatu: fanyeni mazoezi mchana kweupe

Msijifungie. Watu wa Kamĩrĩĩthũ walijijengea ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000, kwa kufuata mfano uliotengenezwa kwa njiti za kibiriti. Mazoezi yalifanyika mbele ya yeyote aliyetaka kuja. Wapita njia wakasimama, wakatia neno, wakarudi, na hatimaye wakazijua sehemu za waigizaji kwa moyo. Faida yake ni kubwa. Aliyeyaona mazoezi mara nyingi ni mwigizaji wa akiba, na siku mnapozuiwa kucheza, mchezo tayari umo vichwani mwa watu.

Hatua ya nne: wacheze, wacheke

Huzuni peke yake huchosha. Ukimlilia mtu kwa saa nzima, ataanza kufikiria basi la mwisho. Mwanamuziki Remmy Ongala wa Tanzania aliimba *Mambo kwa Soksi* wakati ambapo wengi hawakuthubutu kutaja kondomu hadharani. Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo, lakini watu waliucheza, wakauchekea, na mazungumzo yaliyokuwa ya chumbani yakatoka nje. Kicheko hufungua kinywa. Kinywa kikishafunguka, ndipo useme lile lililokuleta.

Hatua ya tano: mkabidhi mtazamaji jukwaa

Mwelekezi wa maigizo Augusto Boal wa Brazil aliacha njia inayofaa kila mahali penye watu na dhuluma. Onyesheni tatizo mpaka pale mnyonge anaposhindwa, mkomee hapo. Kisha rudieni mchezo ule ule, na safari hii mtazamaji yeyote ana haki ya kusema "Simama!", apande, achukue nafasi ya mnyonge na ajaribu njia nyingine.

Tuseme mfanyakazi wa ndani anadai mshahara wa miezi mitatu. Mtazamaji wa kwanza atapiga kelele, na mwigizaji wa mwajiri atamfukuza. Wa pili ataleta shahidi. Wa tatu atawaita wafanyakazi wa nyumba za jirani waende pamoja. Mwigizaji wa mwajiri asiwalegezee kamba. Akilegeza, mtawafunza watu ushindi ambao hawataukuta nyumbani kwa tajiri. Wanaopanda jukwaani wanafanya mazoezi ya jambo wanalokwenda kulitenda wiki ijayo.

Hatua ya sita: jiandaeni kwa wageni msiowaalika

Mkifanya vizuri, watakuja. *Ngaahika Ndeenda* ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila mashtaka hadi Desemba 1978. Gerezani akaandika riwaya kwenye karatasi za msalani. Mwaka 1982 ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa.

Kabla yake, mshairi Abdilatif Abdalla alikuwa amefungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Naye alitunga kwa siri kwenye karatasi kama hizo. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Na si habari za kale. Aprili 2025, huko Kenya, wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la maigizo ya shule na mchezo wao *Echoes of War*, baada ya mahakama kuagiza waruhusiwe. Mwandishi wao, Cleophas Malala, akakamatwa. Wakitakiwa kucheza bila mwelekezi wao wala vifaa vya sauti, waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Mabomu ya machozi yakarushwa. Nchi nzima ikataka kujua mchezo ule ulisema nini.

Basi jueni sheria ya vibali katika eneo lenu. Mpateni wakili kabla ya kumhitaji. Nakala za mchezo ziwe katika nyumba kadhaa, na kila mmoja ajue sehemu ya mwenzake. Mwambieni kila anayejiunga hatari iliyopo, na anayekataa asichekwe. Jukwaa lisigeuzwe mtego wa kuwanasa wanyonge ili mtunzi apate sifa.

Hatua ya saba: makofi yakiisha, toeni daftari

Shairi halichimbi kisima wala halirudishi shamba. Linawafanya watu washindwe kuendelea kujifanya hawajui. Hapo hapo uwanjani, kabla hawajatawanyika, itisheni kikao. Andikeni nani atakwenda ofisi ya kata, nani atafuatana naye, na siku gani. Someni majina kwa sauti.

Mwezi ujao rudini pale pale mwulize mbele ya wote: aliyeahidi ametimiza? Akiwa ametimiza, mshukuruni hadharani. Akiwa hajatimiza, mna mchezo mpya, na mhusika mkuu keshapatikana.