Jinsi ya Kuzuru Mahekalu ya Songwe Bila Kuyapita

Kwanza, shuka kwenye basi.

Naanzia hapo kwa sababu ndipo wengi wanaposhindwa. Wanaofika Tunduma, mpakani na Zambia, huwa wamekuja ili waondoke. Dereva wa lori anawaza mizani na foleni, mfanyabiashara anawaza bei ya kwacha, mwanafunzi anayekwenda Lusaka anawaza muhuri wa pasipoti. Mji wanauona kupitia dirisha la basi, na dirisha lenyewe limejaa vumbi. Wakirudi nyumbani wanasema, "Tunduma? Pale hakuna kitu, malori tu." Ndugu yangu, malori yapo, tena mengi, yanashusha shaba ya Zambia na Kongo hadi bandari ya Dar es Salaam. Ila lori halijawahi kumzuia mtu kutazama upande wa pili wa barabara.

Mtu huyohuyo akipata nauli ya kwenda Angkor kule Kambodia, au Borobudur kisiwani Java, utamwona amebadilika. Atavua viatu anapoambiwa avue. Atashusha sauti. Atamfuata mwongozaji hatua kwa hatua na kumwuliza kila jiwe liliwekwa na nani. Ninachoomba ni aje Songwe na adabu hiyohiyo. Mahekalu yetu hayana minara wala ngazi za mawe. Moja lilianguka kutoka angani. Jingine ni udongo wenye chumvi. Jingine limesimama katikati ya shamba la mahindi kama kichuguu, na mbuzi wanajikuna migongo ubavuni pake. Kwangu mimi hekalu ni mahali ambapo watu wamenyamaza kwa heshima kwa miaka mingi, na mahali pa namna hiyo tunapo.

Kabla hujaanza, weka sawa mambo mawili.

La kwanza ni jina. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa, wilayani Mbozi. Ukiambiwa "Songwe" usiridhike. Uliza Songwe ipi. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, uko mkoani Mbeya. Mto Songwe nao ni miwili: mmoja unamwaga maji Ziwa Rukwa, mwingine unatugawa na Malawi na kuishia Ziwa Nyasa. Mgeni aliyepanga kukutana na mwenyeji wake "pale Songwe mtoni" anaweza kukaa siku nzima akimsubiri mtu ambaye naye anamsubiri kwenye mto mwingine.

La pili ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma na Nakonde zimeshikana kama vyumba viwili vya nyumba moja, kwa hiyo unaweza kunywa chai Tunduma saa tatu asubuhi, ukavuka mpaka, ukakuta Nakonde ndiyo kwanza saa mbili na kitu. Simu yako itakamata mnara wa ng'ambo hata ukiwa umelala kitandani upande huu, na itabadilisha saa bila kukuuliza. Kama una basi la alfajiri, mwulize mwenye nyumba ya wageni saa ngapi. Watu wenyewe hawakugawanyika kwa urahisi kama saa zilivyogawanyika. Wanyamwanga wako huku na wako kule, wanaoana na kuzikana, ingawa mstari huu ulichorwa na Wajerumani na Waingereza walipopatana mwaka 1890.

Sasa twende Kimondo, lile hekalu lililoanguka kutoka angani.

Kutoka Tunduma unashika barabara kuu ya Mbeya, unapita Mpemba na Vwawa. Ni nchi ya juu, yenye baridi ya asubuhi na udongo mwekundu, na mashamba ya kahawa yamechanganyika na mahindi na migomba. Ukifika maeneo ya Mlowo unaiacha barabara kuu kuelekea kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Bodaboda watakupeleka. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na usimwambie dereva akusubiri dakika tano, maana hutakaa dakika tano.

Usitazamie shimo kubwa. Wengi wanafika wakitafuta kreta kama waliyoiona kwenye filamu, na wanapoikosa wanavunjika moyo kabla hata hawajakiona chenyewe. Shimo halipo. Jiwe hili lilianguka zamani mno, mvua na upepo vikapata muda wa kusawazisha kila kitu, na hakuna hata hadithi ya mababu inayosimulia siku lilipofika. Wakazi walilijua kwa vizazi. Wageni wa kizungu waliliandika mwaka 1930, na wakati huo sehemu kubwa ilikuwa bado imefukiwa. Walichimba handaki kulizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo ile ikajengewa zege. Ndiyo maana leo Kimondo kimekaa juu ya kiti, ndani ya shimo pana, kama mzee aliyeletewa kigoda.

Urefu wake ni kama meta tatu, na kimo chake ni kama meta moja. Uzito wake haujawahi kupimwa kwenye mizani, na makadirio yanatofautiana: utasikia tani 12, utasoma tani 16. Usibishane. Sogea karibu utazame ngozi yake. Uso wote una vishimo laini vya kubonyea, mfano wa ugali ulioachwa na alama za dole gumba. Hizo ni alama za moto. Jiwe liliposhuka kwa kasi kupita hewani liliungua na kuyeyuka kwa nje, na hewa ikalichonga. Weka kiganja. Asubuhi ni baridi kama sufuria iliyolala nje, na mchana upande wa jua huwezi kuuvumilia. Asilimia 90 hivi ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli.

Kisha zungukia ncha yake nyembamba uone makovu. Watu walikuja kukata vipande vya kumbukumbu. Mwanajiolojia mmoja wa serikali ya kikoloni alitumia msumeno mwaka huohuo wa 1930 kuchukua sampuli ya sentimeta kumi hivi, na kazi ile ilimchukua muda wa saa kumi nzima. Tangu mwaka 1967 Kimondo kinalindwa kisheria kama kumbukumbu ya taifa. Kwa hiyo funguo zako zibaki mfukoni. Usikigonge na kokoto "nisikie mlio". Usipande juu kupiga picha huku umenyoosha vidole viwili. Ni kumi tu hivi duniani vinavyoweza kusimama kwenye mstari mmoja na hiki kwa ukubwa, na kile kikubwa kupita vyote, Hoba, kiko Namibia, barani humuhumu.

Lipa kiingilio, chukua risiti, umsikilize mwongozaji hadi mwisho. Kuna wageni wanaomkatisha kijana wa watu kwa sababu wameshasoma kwenye simu. Kijana huyo amekulia chini ya kilima hiki. Mwulize simu haijui nini. Kama unaweza kuchagua tarehe, njoo Juni 30, Siku ya Vimondo Duniani, uwaone wanafunzi wa shule wamelizunguka jiwe wakiuliza maswali ambayo watu wazima wanaona aibu kuuliza.

Mimi nina swali moja ninaloondoka nalo kila mara, na nakuachia nawe ulibebe. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wahunzi mashuhuri. Walichimba mawe yenye chuma, wakajenga matanuru ya udongo marefu kumzidi mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakasafisha chuma kile kwenye tanuru dogo la pili. Huku wakihangaika hivyo, tani na tani za chuma zilizokwisha kuiva zilikuwa zimelala Marengi. Kwa nini hawakuzigeuza majembe? Ugumu wake ni jibu mojawapo. Tumeona msumeno ulivyotoka jasho. Ila nikisimama pale naamini kulikuwa na heshima pia. Mtu anayejua thamani ya chuma kuliko mtu yeyote ndiye anayejua kipi cha kuacha.

Matanuru hayo ndiyo hekalu la pili, na kuyaona kunahitaji mdomo kuliko gari. Yaliyosalia ni magofu ya udongo, na shambani utayatambua kwanza kwa mavi ya chuma yaliyotapakaa, vipande vyeusi vizito vinavyong'aa kama lami iliyoganda. Kuyeyusha chuma hakukuwa kazi ya mikono peke yake. Palikuwa na dawa na miiko, na nyimbo pia. Kwa jirani zao Wafipa, tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Basi usiingie kwa fujo kwa bibi harusi wa watu. Anza na mzee wa kijiji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea?"

"Sijapotea. Natafuta walipokuwa wanayeyusha chuma zamani."

Hapo utaona uso wa mzee unavyobadilika. Atakutazama upya, atamwita mjukuu alete kiti, na safari yako ya saa moja itakuwa imegeuka ya mchana kutwa. Kubali. Ukiwa umekaa, utaletewa chai, ingawa umezungukwa na kahawa. Mbozi inalima kahawa nzuri sana na sehemu kubwa inakwenda kunywewa na wengine. Omba kahawa. Ukija kati ya Juni na Agosti utazikuta punje zimeanikwa kwenye vichanja, na mama mwenye shamba akizigeuza kwa mkono na kuzitoa mbovu moja moja bila kusimamisha mazungumzo.

Ukiona kichaka cha miti mikubwa kimeachwa peke yake katikati ya mashamba, uliza kabla hujaingia. Katika nyanda hizi vichaka vya namna hiyo mara nyingi ni makaburi ya machifu au mahali pa matambiko, na jibu linaweza kuwa hapana. Jibu hilo lipokee kama unavyolipokea mlangoni mwa msikiti au nyuma ya altare. Kanisa nalo lina historia yake hapa. Wamoravian walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, na vijana wa kwaya wa Jumapili hawahitaji kutangazwa na mimi. Ileje, upande wa Malawi, ina milima na ukungu wa kukutosha wiki nzima, ila hiyo iwe safari yake.

Siku ya mwisho iweke kwa ajili ya Ivuna.

Ivuna iko wilaya ya Momba, chini kabisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Usiende masika bila kuuliza hali ya barabara. Ukishuka kutoka nyanda za juu utavua sweta, baadaye utakunja mikono ya shati, na ukifika utaelewa kwa nini watu wa huku hutembea asubuhi na jioni. Ziwa Rukwa halina mto wa kutokea. Maji yanaingia na kubaki, jua linayanywa, magadi na chumvi vinasalia. Ardhi inafuata tabia hiyo. Ivuna kuna chemchemi za maji ya chumvi, na waakiolojia waliochimba pale wamekuta vigae vya wapika chumvi wa karne nyingi zilizopita. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: udongo wenye chumvi unakusanywa, unachujwa kwa maji, maji yanachemshwa mpaka chini ya chungu pabaki weupe. Chungu ulichokiona kimevunjika ardhini kinaweza kuwa kilikaa motoni kabla Mreno hajaifahamu njia ya Bahari ya Hindi.

Kisha inua uso uangalie angani, kwa sababu Ivuna haikuridhika na chumvi. Jioni ya Desemba 16, 1938, jiwe lilianguka hapa. Ni dogo, gramu 705 hivi, uzito usiofika kilo moja ya sukari. Ukiliweka kando ya Kimondo cha Mbozi hutalitazama mara mbili. Ni jeusi na laini, halina mng'ao wowote. Hata hivyo wanasayansi wa dunia nzima wanalijua jina la kijiji hiki, kwa kuwa kundi zima la vimondo limepewa jina kutokana nacho: wanaliita CI, na hiyo I ni Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vilivyopatikana duniani ni kama kumi tu. Ukiondoa gesi, mchanganyiko wake unakaribiana na wa jua lenyewe, maana yake ni mata ya mwanzo kabisa, ya kabla dunia yetu haijafinyangwa. Wajapani walipotuma chombo hadi asteroidi Ryugu na kurudisha punje za udongo wake mwezi Desemba 2020, walizilinganisha na kundi hilohilo la Ivuna.

Kipande kikubwa cha jiwe hilo kiko London, kwenye makumbusho. Jambo hili linaniuma, na nalisema wazi. Mtoto wa Ivuna akitaka kukiona kilichoangukia kwao anahitaji viza. Ukikutana na mwalimu wa shule ya hapo, mweleze habari hii kama hajaisikia, na mwombe awaambie wanafunzi maana ya ile herufi I.

Kabla hujapanda gari kurudi Tunduma, nunua chumvi kwa mama anayeipika. Usimpunguzie bei, umeshaona kuni anazobeba. Ifunge vizuri mara mbili, maana huvuta unyevu ukifika baridi ya Vwawa. Na ukifika nyumbani, yule aliyekwambia Tunduma hakuna kitu mkaribishe chakula, umwekee kidole kimoja cha chumvi ukingoni mwa sahani, na umwache aulize mwenyewe imetoka wapi.