Ruta Iliyoamka Usiku Asubuhi

Tukuyu umeme ukikatika hakuna anayeuliza kwa nini. Mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka umeshazoea radi na taa za chaji. Kwa hiyo hatukuishuku mvua pale intaneti ya nyumbani ilipoanza kuzimika asubuhi, saa zile zile mama watoto anasubiri oda za parachichi.

Chanzo kilikuwa amri yake mwenyewe: saa nne usiku, watoto walale. Watoto waliitikia vizuri tu, kisha wakaendelea na simu chini ya blanketi. Baridi ya huku kwetu Rungwe inawafaa sana wanaotaka kujificha. Ndipo kaka yao, anayesoma kompyuta Mbeya, alipoichukua ruta yetu kuukuu, akafuta programu ya kiwandani na kuweka OpenWrt, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kwenye ruta za Linksys. Akaandika skripti mbili fupi: moja ikate laini saa nne usiku, nyingine iirudishe saa kumi na moja alfajiri. Akazikabidhi kwa kroni, mnyapara wa ndani ya ruta, ambaye kila dakika hutazama saa na kutimiza alichoandikiwa.

Siku za mwanzo, raha mustarehe. Kisha umeme ukakatika saa moja asubuhi. Uliporudi, taa za ruta ziliwaka zote, tukashangilia, lakini intaneti haikuja. Ikaja yenyewe mchana, saa nane imeshapita. Umeme ulipokatika tena, mambo yakawa yale yale. Mjomba akapanda juu ya bati kugeuza antena, akashuka na suruali iliyochanika. Bibi akasema nyumba ina jicho la mtu. Mama watoto akanunua bando, na kila alipolinunua alinitazama mimi.

Kijana alikuja Jumamosi, akafungua kumbukumbu za ruta, akacheka peke yake. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa. OpenWrt ikiwaka hutafuta faili la mipangilio lililoguswa mwisho, ikaanza kuhesabu kuanzia muda huo, hadi itakapouliza saa sahihi kwenye intaneti. Na faili lililoguswa mwisho lilikuwa ratiba ya kroni, aliyoihifadhi usiku, saa nne kasoro dakika nane. Laini yetu ni ya mnara wa simu, huchelewa kushika. Kabla haijashika, kroni ameshaona saa nne imefika, amekata. Laini ikishakatwa, saa sahihi itaulizwa wapi? Ruta ikabaki inaota usiku wake wa manane huku wachuma chai wako shambani.

Dawa ilikuwa skripti nyingine: ruta ikiwaka, kroni asianze kazi mpaka saa isahihishwe. Oda za parachichi zikarudi.

Ila baadaye kijana akagundua jipya. Kila usiku, saa nne na dakika kumi hivi, ruta inazimwa na kuwashwa. Ikiwaka na kupata saa sahihi, saa nne imeshapita, kroni hana cha kukata hadi kesho. Watoto walihojiwa mmoja mmoja, wakaapa. Tukamkuta Bibi sebuleni, mkono mmoja kwenye swichi, mwingine umeshika simu: kwaya yake ya Moravian ilikuwa imekatwa ubeti wa pili.